Perpetua Aliongezeka Kilo Kumi na Tatu

Mimi nimestaafu, nyie mmebaki na funguo za kabati la dawa. Mliniomba niwaandikie nilivyofanya kazi ya kifua kikuu na virusi vya UKIMWI katika mkoa wetu, na najua mlitegemea niandike nilivyopanda vyeo. Vyeo nilipanda kama mtu yeyote asiyekufa mapema. Hayo yako kwenye faili langu pale Mpanda, anayeyataka akayasome. Mimi naandika yale ambayo hayakuingia kwenye faili.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipelekwa wodi ya kifua. Ilikuwa imejengwa peke yake, mbali na majengo mengine, madirisha wazi mvua na jua. Wagonjwa walikuwa wamekaa barazani wanaota jua, wanaume kwa wanawake, kimya kabisa. Nikasalimia. Hakuna aliyejibu, ila vichwa vyote viligeuka vikanifuata mpaka nilipoingia mlangoni. Nikajisemea, loo, nimeletwa kwa wafu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kuongea kuliwakohoza, basi walikuwa wanaitunza sauti mpaka daktari apite.

Aliyenifundisha kazi alikuwa nesi mmoja mnene, mkali, tulimwita Mama Gaudensia. Kabla hajafungua faili lolote alimshika mgonjwa shingo kutafuta tezi, akamgeuza viganja, akamtazama macho, akamwambia ataje jina lake mwenyewe. Foleni inafika mpaka kwenye mikaratusi, yeye anashika shingo za watu! Nikamuuliza kwa nini asisome kadi, kila kitu si kimeandikwa? Akasema, "Kadi haina homa, mwanangu." Niliona ni ubishi wa kizee.

Ndiye aliyenipeleka maabara kunionyesha vimelea kwenye darubini, vijiti vidogo vyekundu juu ya rangi ya bluu. Makohozi yalikuwa ya mzee aliyekaribia kumaliza dawa, mwenye nguvu, aliyekuwa anatuchotea maji. Nikauliza mbona bado anavyo. Mama Gaudensia akasema huenda vimeshakufa vyote, darubini haitofautishi, mfu na mzima wote wanashika rangi. Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua itanyesha, akaenda zake kunywa chai. Mimi maneno yale yalinikaa vibaya.

Miaka ile dawa za kufubaza virusi hazikuwepo huku kwetu. Tulitibu kifua tu. Mtu anameza dawa, kikohozi kinaisha, makohozi yanakuwa safi, tunaandika amepona, tunapeana mikono. Baada ya majuma machache tunasikia amezikwa. Kifua kilipona kweli, ila mwili ulikuwa umeshakwisha. Niliogopa sana siku za kuandika "amepona". Mpaka leo mkono wangu unasita kwenye neno hilo.

Halafu dawa za kufubaza zikaja, na zenyewe zikaja na jambo lao. Hili lisikilizeni vizuri. Mgonjwa mwenye magonjwa yote mawili unamwanzishia kwanza dawa za kifua, baada ya wiki mbili au zaidi unamwongezea za kufubaza. Anaanza kupata nafuu, mnafurahi. Ghafla homa inarudi, tezi za shingo zinavimba kama mayai ya kuku, anahema kwa shida. Ndugu wanasema dawa imemgeuka. Kumbe kinga yake iliyokuwa imelala imeamka, imevikuta vimelea ndani, imeanza vita. Anazidiwa kwa sababu dawa zinafanya kazi. Wengi wananyanyuka wakivumilia, ila wengine wanakufa katika vita hiyo, na hao lazima wafike kwa daktari mapema. Nilipoielewa hali hii nilijiona fundi. Nilikuwa naitabiri. Nilikuwa namwambia mtu, utazidiwa kwanza halafu utanyanyuka, na inakuwa hivyo hivyo, mpaka wakaanza kunong'ona kwamba Sista ana kitu. Mimi sikuwakataza.

Sasa nifike kwa Perpetua. Wakati huo nilikuwa nasimamia kliniki ya kifua kikuu katika kituo kimoja upande wa Mpimbwe, jina lake naliacha. Perpetua alikuwa mama wa miaka thelathini hivi, mkulima wa mpunga kutoka kijiji cha mbele ya Majimoto. Alikuja na mama yake mzazi, na mama huyo ndiye tuliyemwandika kuwa msimamizi wake wa dawa nyumbani. Tulimkuta na kifua kikuu, tukamkuta na virusi. Uzito wake kilo thelathini na tisa. Nikampa dawa, nikamweleza kila kitu, mpaka mkojo utakavyokuwa mwekundu kwa ajili ya vidonge, asishtuke. Baada ya wiki mbili nikamwongezea za kufubaza.

Kumbukeni kwamba wakati huo mimi ndiye niliyekuwa nasimamia barakoa. Hakuna mgonjwa wa kifua aliyeingia kwangu bila barakoa, anakaa karibu na dirisha, mimi nakaa mbali, upepo unapita. Ni utaratibu mzuri, na nyie endeleeni nao. Lakini Perpetua nilimjua kwa macho mawili na kitenge alichojifunika kichwani. Uso wake sikuwahi kuuona.

Wiki ya tano akaja amezidiwa. Tezi zimevimba, homa inachemka, kilo zimeshuka mpaka thelathini na nane. Nilipaswa kumpa rufaa ya Mpanda siku ile ile. Sikumpa. Niliona nimeshaielewa hali. Nikampa dawa za homa, nikamwambia mama yake, kwa sauti yangu ya kutabiri, "Hii ni kinga inaamka. Asiache dawa hata siku moja. Atazidiwa, halafu atanyanyuka. Mtarudi hapa wenyewe mkishangaa." Mama yule alinitazama sana. Akauliza, "Atanyanyuka kweli, Sista?" Nikasema atanyanyuka.

Safari iliyofuata mama alikuja peke yake kuchukua vidonge, akasema mgonjwa hawezi kukaa kwenye pikipiki. Jambo la kawaida, nikampa.

Mwisho wa mwezi wa pili wakaja wote wawili. Mhudumu wetu Kulwa, mtu mzima mwenye utani mwingi, ndiye aliyekuwa anapima uzito. Akaja kwangu bila utani wowote.

"Sista, mzani umeharibika."

"Umeharibikaje?"

"Unasema Perpetua ana kilo hamsini na moja."

Tukaupima mzani kwa kupanda sisi wenyewe. Ulikuwa mzima kabisa, mimi nilitamani ungekuwa umeharibika. Kilo kumi na tatu! Nikatoka, nikamwona amekaa dirishani, kitenge kile kile, barakoa, mgongo umenyooka. Hakohoi. Makohozi aliyotoa, mate matupu, yakarudi safi. Jamani, nilifurahi. Nilimwambia mama yake, "Nilikwambia nini?" Mama akasema, "Ulisema, Sista," akatazama chini.

Kulwa hakuridhika. Akanivuta pembeni akaniambia kwamba siku ile Perpetua alipokuja amezidiwa alimshika mkono kumpandisha kwenye mzani, na kidole chake kidogo kilikuwa kimepinda, hakinyooki. Leo amemshika tena na kidole kimenyooka.

"Umemchanganya na mgonjwa mwingine," nikamwambia.

"Sista, dawa za kifua zinanyoosha vidole?"

"Nenda kaite mgonjwa anayefuata, Kulwa."

Ndani, Perpetua akaniuliza swali. Aliuliza kwa sauti ndogo kama mtu aliyekatazwa. "Sista, mkojo kuwa mwekundu ni kawaida?"

"Si nilikueleza siku ya kwanza?"

"Siku ile sikuwepo."

Mama yake akaingilia haraka, "Alikuwa na homa, Sista, akili haikuwepo." Maelezo yakanitosha. Nikambadilishia dawa, nikampa zile za hatua ya pili, na kwenye kadi nikaandika kwamba amejibu matibabu vizuri. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Kwenye kikao cha wilaya nilimtaja kama mfano.

Mwezi wa tatu akaja, kilo hamsini na mbili. Wagonjwa wengine walikuwa wanasogea benchi akikaa. Mwanamke mmoja kutoka kijiji chao alimwona mlangoni, akageuka akaenda zake bila kuchukua dawa zake. Nikamwandika mtoro. Kulwa alikuwa akimpima anashika mzani tu, mkono wake hataki kuushika tena.

Mwezi wa nne aliingia anatembea polepole. Nikainua macho kumsalimia, na juu ya barakoa nikaona macho ya njano, njano ya kweli, kama kiini cha yai. Ametapika siku tatu, hali chochote, tumbo upande wa kulia linauma. Nyie mnajua hiyo ni nini. Dawa hizi zinaweza kuliumiza ini, na mtu akiendelea kumeza ini likiwa hivyo, anakufa. Nikamwambia kuanzia sasa hivi asimeze kidonge hata kimoja, cha kifua wala cha kufubaza, na aende Mpanda leo leo. Nikaandika rufaa.

Mama yake akasimama. "Aache dawa?"

"Aache."

"Zimebaki za miezi miwili."

"Mama, dawa zitamuua."

"Akiacha atakufa tena," akasema.

Niliisikia ile "tena". Niliisikia vizuri, nikaiacha ipite kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Kesho yake nikapiga simu Mpanda. Hakufika. Nikangoja siku moja zaidi, hakufika. Asubuhi iliyofuata nikapanda pikipiki na Kulwa, tukapita Majimoto, tukaingia njia ya mashamba ya mpunga. Kulwa ndiye mwendeshaji.

Mji wao ulikuwa umefagiliwa vizuri. Mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi akatukimbilia, akasema mama yupo, anakuja. Nikaenda kivulini nyuma ya jiko kumngojea. Pale, kando ya kihenge cha mahindi, kulikuwa na kaburi ambalo udongo wake haujashikana, na msalaba wa mbao uliopakwa chokaa. Nikausoma kwa mazoea tu, kama ninavyosoma kadi. Jina lilikuwa Perpetua, na la baba yake, na ukoo wake. Tarehe ya kufa ilikuwa siku sita baada ya mimi kusema atanyanyuka.

Nikahesabu mara mbili kwa vidole. Majuma yasiyofika matatu baada ya tarehe ile ndipo nilipopima kilo hamsini na moja.

Nikasikia nyayo nyuma yangu. Sikutaka kugeuka, nawaambia ukweli, miaka yote ile kazini na sikutaka kugeuka. Nikasema tu, "Perpetua?"

"Abee," akaitika.

Nikageuka. Alikuwa amesimama na jagi la maji ya kunawa, hana barakoa. Ndiyo mara ya kwanza nikauona ule uso. Uso mzuri, mchanga, wa njano.

Mama yake akaja akatukuta hivyo, watu wawili na jagi katikati. Hakuonyesha aibu yoyote. Akaleta kigoda, akanikalisha, akanieleza kwa upole kama unavyomweleza mgeni namna ya kula chakula asichokijua. Huyu ni Agripina, mdogo wake Perpetua, wamefuatana. Katika ukoo wao jina la mtu haliendi kaburini. Baada ya matanga wazee wanakaa, wanamchagua mmoja, wanamfunga kitenge cha marehemu, wanamwita kwa jina la marehemu, na akiitika basi amesimama. Kuanzia hapo yeye ndiye. Watoto wanamwita mama, shamba lile analilima yeye, na lolote ambalo marehemu hakulimaliza analimaliza yeye.

"Na dawa hakuzimaliza," mama akasema.

Nilifoka. Sifichi. Nilisema maneno ambayo nesi hapaswi kusema uani kwa watu. Nikamuuliza kama anajua amemlisha mtoto wake mzima sumu miezi yote ile. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akasema, "Sista, wewe ndiye uliyesema asiache hata siku moja, na kwamba atanyanyuka. Akafa, nikasema Sista amekosea. Wazee wakamsimamisha huyu, nikamleta kwako, ukampima, ukafurahi, ukasema nilikwambia nini. Nikasema kumbe Sista anajua."

Mimi nilikuwa na kadi yenye maandishi yangu, na kadi ilikuwa inakubaliana naye.

Nikamgeukia Agripina. Nikamwomba aende Mpanda, apimwe yeye, kwa mwili wake mwenyewe. Akatazama chini. Akasema yeye angekwenda, maana tumbo linamuuma sana na anaogopa, lakini mama asiporidhia hawezi. Mama akagoma. Tulikaa pale mpaka kivuli kikahama, Kulwa akibembeleza kwa Kisukuma chake na Kiswahili, mimi nikiwa nimeshaishiwa. Mwisho mama akakubali kwa sharti moja, kwamba huko Mpanda aitwe Perpetua na mtu yeyote asimwite vinginevyo. Nikakubali. Ningekubali lolote.

Hospitalini nilimweleza daktari ukweli wote, nikiwa nimesimama. Ilikuwa lazima, kwa sababu kama angekuwa Perpetua wa kwenye kadi, ini likitulia tungepaswa kumrudishia dawa moja moja, maana bila dawa angekufa. Na kama si yeye, basi kumrudishia hata moja ni kumuua. Daktari alinitazama, akaitazama kadi, akasema tuanze upya kana kwamba hakuna kadi. Wakachukua makohozi, picha ya kifua, damu ya ini, na kipimo cha virusi. Kipimo kile kilirudiwa, na sampuli nyingine ikapimwa kivyake, kwa sababu mtu aliyemeza dawa za kufubaza huwezi kumpima kwa haraka haraka. Siku zile nililala kwangu Kawajense, pale pale Mpanda, na kila asubuhi nikaenda wodini. Rangi ya njano ilianza kutoka. Akaanza kuomba uji.

Majibu yalipokamilika, daktari aliniachia mimi nimpe. Nikamuuliza Agripina kama mama yake aingie. Akasema aingie. Tukakaa watatu kwenye chumba cha ushauri, dirisha wazi, na safari hii nikakaa karibu, magoti karibu yagusane. Barakoa hakuna, kifua chake kilikuwa safi. Nikashika viganja vyake vyote viwili nikavigeuza. Vidole kumi, vyote vimenyooka.

Nikamwambia, "Kifua kikuu huna. Ini linapona, hutameza tena dawa hizo. Na virusi huna. Tumerudia kupima, huna, hujawahi kuwa navyo."

Miaka yote nimetoa majibu ya kila aina katika vyumba kama kile, na nilidhani najua sura ya mtu anayepokea habari njema. Agripina alishusha mabega, akapumua. Mama yake hakupumua. Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayepiga hesabu.

"Perpetua alikuwa navyo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Huyu hana."

"Hana."

Akamtazama binti yake, kwanza usoni, halafu mikononi, kwenye vile vidole nilivyokuwa bado nimevishika. Mama huyu aliwalisha watu wa matanga, akamfunga binti kitenge, akapanda pikipiki mwezi baada ya mwezi kufuata vidonge, na Kulwa aliyeulizia kijijini aliambiwa kwamba wakati wote huo hakuna aliyeona chozi lake. Akavua kilemba, akajifunga nacho kiunoni kama wanavyojifunga wanawake wanapopokea msiba. Akashuka kwenye kiti akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha, akaweka mikono kichwani.

"Agripina," akasema, "dada yako amekufa."